Nchi ya Bati na Njia ya Risasi

Kiswahili na bunduki viliingia Maniema, mashariki mwa Kongo, kwa njia moja, vimebebwa na misafara ya Waungwana waliofuata pembe na watumwa. Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1871, watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia magobori wanawake waliokuja kuuza na kununua katika soko la Nyangwe, kando ya Lualaba. Msafiri David Livingstone alikuwepo. Alisikia waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni wakihesabiwa kati ya 330 na 400.

Mji wa Kalima, kaskazini ya hapo katika misitu ya Warega, ni mtoto wa bati. Kampuni ya Symétain, iliyoundwa mwaka 1932, iliufanya mji wa mshahara. Mwaka 1976 ikaingizwa katika kampuni ya madini ya SOMINKI. Oktoba 1985 bei ya bati ikaporomoka duniani, na kijana ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni akabaki na chepe na karai.

Vita vya 1996 vilimkuta hapo. Askari watoto wa waasi wa AFDL waliitwa kadogo, neno ambalo katika Kiswahili cha Kongo humwita mtoto mdogo nyumbani. Kindu, mji mkuu wa mkoa, ikatekwa mapema 1997, ikatekwa tena na waasi wa RCD Oktoba 1998, na wapiganaji wa Mai-Mai nao wakakusanya vijana msituni.

Waliopata kuyajua majeraha ya risasi kwa takwimu ni wapasuaji. Katika hospitali za Msalaba Mwekundu, daktari Mwingereza Robin Coupland na wenzake walizoea kuandika kila jeraha: ukubwa wa tundu la kuingilia na la kutokea, mfupa uliovunjika, chuma kilichobaki mwilini. Kazi ya karani, mtu angesema. Lakini ripoti iliyotolewa na shirika lao mwaka 1999 ilionyesha kwamba silaha zikizagaa, raia huendelea kuumizwa hata mapigano yakikoma. Hapo jeraha likaacha kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Likawa ugonjwa wenye chanzo, unaoweza kuzuiwa.

Kinshasa ilipiga marufuku kuandikisha watoto jeshini kwa sheria ya 2009, ikatia saini mpango na Umoja wa Mataifa Oktoba 2012. Marufuku hiyo humtazama mtoto aliyeshika bunduki. Aliyepigwa risasi njiani akirudi kutoka machimboni haimwoni. Daftari la mapokezi la hospitali linaweza kumwona. Hospitali za Maniema zichore safu tatu: umri, aina ya silaha, mahali.