Mahali video ilipohifadhiwa na nafasi yake katika Google

CHUO Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, kando ya barabara itokayo mjini Meru kuelekea Maua. Mwanafunzi wa huko anapobofya video ya mhadhara, umbali ambao video hiyo inasafiri kabla ya kumfikia ndio unaoamua iwapo ataitazama au atachoka kusubiri. Umbali huo pia ni miongoni mwa mambo yanayoathiri nafasi ambayo ukurasa unapewa na mtambo wa kutafuta wa Google.

Ndani ya nyaya za faiba, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nchiru hadi Nairobi na kurudi ni milisekunde chache tu. Seva ikiwa Marekani, ombi hilo hilo sharti livuke bahari, na safari moja hupita milisekunde 100. Ombi moja si kitu, lakini ukurasa mmoja huhitaji maombi mengi yanayofuatana.

Hapo ndipo mitandao ya kusambaza maudhui inapoingia. Hii ni mikusanyiko ya seva zilizotawanywa katika nchi nyingi, kila moja ikiweka nakala ya faili ili mtazamaji ahudumiwe na iliyo karibu naye. Akamai, mojawapo ya kampuni kongwe katika biashara hiyo, ilianzishwa mwaka 1998 na wasomi wa taasisi ya MIT.

Kenya ilichelewa, na si kwa kukosa wataalamu. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP jijini Nairobi kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kufuatia malalamishi ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati huo. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Hadi Seacom na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, data ya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti.

Google ilitangaza mwaka 2010 kwamba kasi ni kigezo cha kupanga kurasa, ikakipanua kwa simu za mkononi Julai 2018, kisha mwaka 2021 ikaongeza vipimo vya hali ya ukurasa. Kimojawapo kinataka sehemu kubwa zaidi inayoonekana ijitokeze ndani ya sekunde 2.5. Jambo linalosahaulika ni kwamba vipimo hivyo hutokana na watumiaji halisi wa kivinjari cha Chrome. Ikiwa wasomaji wako wengi wako Meru na Embu, kasi inayohesabiwa ni ile wanayoipata wao, wala si ile ya ofisi yenye faiba jijini Nairobi.

Hata hivyo, hakuna alama inayotolewa kwa sababu tu video imewekwa katika mtandao wa aina hiyo. Kasi ni kigezo chepesi. Ukurasa unaojibu swali la msomaji huweza kuupita ule wenye kasi zaidi. Na kwa macho ya mhariri, video iliyopewa kichwa "Mhadhara 1" imejizika yenyewe kabla seva haijalaumiwa.

Wengi huhofia kwamba faili ikikaa chini ya anwani ya kampuni nyingine, sifa itaiendea kampuni hiyo. Sivyo. Google huorodhesha ukurasa ambamo video inatazamwa. Faili yenyewe yaweza kukaa kwingine. YouTube, iliyonunuliwa na Google mwaka 2006, ni tofauti kwa kuwa ina ukurasa wake wa kutazamia, na mara nyingi huo ndio unaotokea mbele ya ukurasa wa chuo.

Madhara halisi hutokana na mipangilio mibaya. Kuna mitandao inayozuia roboti ya Google ikidhani ni mvamizi. Mingine hubadilisha anwani ya faili au ya picha ya utangulizi kila baada ya saa chache, ilhali Google hutaka anwani zisizobadilika.

Tangu Desemba 2023, aidha, safu ya matokeo ya video huonyesha kurasa ambazo video ndiyo kiini chake. Mhadhara uliobanwa chini ya tangazo la nafasi za masomo waweza kupatikana kwa maneno ya ukurasa huo, lakini hautaonekana katika safu hiyo, hata kama nakala yake iko Nairobi.