Taa iliyotiwa kufuli

Wiki iliyopita nilipeleka kiti cha chuma kuungwa mguu katika karakana moja hapa mjini. Nikamkuta kijana anachomelea geti, machoni kavaa miwani ya jua, ile ya kwendea ufukweni. Kinga yenyewe ya uso, yenye kioo cheusi, ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Mzee wangu," akanijibu, "nikivaa ile sioni mshono. Na hapa tunalipwa kwa geti, hatulipwi kwa siku."

Na macho je, usiku? Akacheka. Akasema usiku yanawasha kama yametiwa mchanga, lakini yatazoea.

Jibu hilo lilinirudisha mbali sana, kwa wachimba makaa ya mawe wa kaskazini-mashariki ya Uingereza, ambao nao walipewa kinga wakaona inawanyima mwanga.

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, karibu na Newcastle, ulilipuka. Wakafa watu 92, wanaume na wavulana. Katika makaa ya mawe hutoka gesi isiyo na rangi, nayo ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, mwali wa mshumaa mmoja unatosha kuilipua. Na mishumaa ndiyo iliyokuwa taa yao kule chini. Kasisi wa mahali pale, John Hodgson, alishiriki kuwazika. Wenye migodi wa siku zile hawakupenda habari za milipuko zitangazwe, lakini yeye aliziandika akazichapisha. Kelele za watu kama yeye ndizo zilizofanya aitwe mwanakemia mashuhuri wa London, Humphry Davy, mwaka 1815, atafute dawa.

Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi ajabu. Mwali wa taa ukizungushiwa wavu wa waya wenye matundu madogo sana, waya huupoza moto, usipate kupenya nje na kuifikia gesi. Januari 1816 taa hiyo ilijaribiwa mgodini Hebburn, ikafaulu. Davy alikataa kujiwekea haki ya kuiuza peke yake. (George Stephenson, yule wa treni za mvuke, alibuni taa yake wakati ule ule, na watu waligombana miaka mingi juu ya nani alitangulia. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.) Tena taa ilikuwa mlinzi: gesi ikizidi, mwali hurefuka na kuzungukwa na rangi ya buluu, na hewa safi ikipungua, hufifia. Aliyejua kuusoma aliondoka mapema.

Basi ungedhani vifo vilipungua. Mwaka 1835 kamati ya Bunge la Uingereza ilichunguza majimbo ya Durham na Northumberland. Katika miaka 18 kabla ya taa, walikufa kwa ajali za migodini watu 447. Katika miaka 18 baada yake, walikufa 538.

Kwa nini? Wavu uliozuia moto ulizuia na mwanga. Mchimbaji alilipwa kwa kadiri ya makaa aliyotoa, na gizani mkono huenda polepole. Kwa hiyo wako waliofungua taa ili waone vizuri. Wengine waliifungua kwa jambo dogo zaidi: kuwasha kiko. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, wala siku ya kumi, na hapo ndipo mazoea yalipoingia. Ikabidi taa zitiwe kufuli kabla ya kuteremka nazo, na watu wapekuliwe mifukoni kama wana viberiti. Fikiria: mtu mzima, mwenye watoto, anapekuliwa ili asijiue. Wala hakujihatarisha peke yake. Mlipuko haukuuliza ni taa ya nani.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewaonea marehemu. Wenye migodi nao walikuwa na mazoea yao. Baada ya kupata taa walirudi kwenye mashimo yaliyokuwa yameachwa kwa kujaa gesi, wakashuka chini zaidi, na wengine wakabana fedha za kupitisha hewa safi. Kifaa cha kuokoa watu kikawa kibali cha kuwapeleka palipokuwa hapaendeki. Na ule wavu ukitoboka, au upepo wa mgodini ukiwa mkali, moto ulipenya hata kwa mtu ambaye hakugusa kufuli. Serikali ilianza kuteua wakaguzi wa migodi ya makaa kwa sheria ya mwaka 1850, wachache mno kwa migodi mingi mno.

Tarehe 14 Oktoba 1913, karibu miaka mia moja baada ya taa ya Davy, mgodi wa Senghenydd huko Wales ulilipuka, wakafa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Mgodi huo huo ulikuwa umeua watu 81 mwaka 1901. Sheria ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba feni za migodini ziweze kugeuza mwelekeo wa hewa, lakini ya pale ilikuwa haijarekebishwa. Meneja alitozwa faini ya pauni 24. Gawanyeni wenyewe kwa idadi ya maiti.

Nilipokwenda kuchukua kiti changu, niliomba kuishika ile kinga ya msumarini. Kioo cheusi kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni kile cheupe cha mbele, kinachokinga cheusi: kilikuwa kimejaa vidonda vya cheche, hata mimi sikuona kitu. Kijana hakuwa amenidanganya. Kioo hicho hubadilishwa, na bei yake ni ndogo. Nikamwambia mwenye karakana, tena kwa heshima, maana bado alikuwa hajanitajia bei ya mguu wa kiti.

Akasema atanunua geti likishalipiwa.