Mchochota, Jeni na Ugonjwa wa Moyo

Mchochota ni njia ya mwili kujihami: vijidudu vikiingia au ngozi ikikatika, chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo, pakavimba na kuuma. Hali hiyohiyo hutokea ndani ya kuta za ateri za moyo, lehemu inaporundikana humo. Huko haiumi. Hudumu miaka mingi, hadi siku tabaka la mafuta linapopasuka, damu ikaganda na ateri ikaziba.

Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake huko Boston walionyesha kuwa wanaume wenye afya waliokuwa na CRP nyingi, protini inayotengenezwa na ini wakati wa mchochota, ndio waliopatwa zaidi na mshtuko wa moyo baadaye. Je, CRP huleta maradhi, au hufuatana nayo tu kama moshi na moto? Jibu lilitoka kwenye jeni. Mtu huzirithi kabla hajavuta sigara wala kunenepa, hivyo ni vigumu mazoea yake kuvuruga ulinganisho. Waliorithi jeni zinazopandisha CRP hawakuugua moyo kuliko wengine.

Interlukini-6, protini inayoliamuru ini kutengeneza CRP, ilitoa picha tofauti kabisa. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha tafiti mbili kuhusu jeni ya kipokezi chake, IL6R. Badiliko moja dogo, Asp358Ala, hudhoofisha amri hiyo, na kila nakala iliyorithiwa iliendana na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyopungua kwa takriban asilimia 3.4. Kwa mtu mmoja ni kidogo, lakini ushahidi wake ni mzito: njia hii ya mchochota inahusika na ugonjwa wenyewe. Inasikitisha kwamba wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya.

Dawa zilifuata. Katika jaribio la CANTOS la mwaka 2017, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, kanakinumabu ilizuia interlukini-1 beta, protini inayochochea interlukini-6, na kupunguza matukio ya moyo kwa asilimia 15 katika dozi ya miligramu 150, bila kushusha lehemu. Hata hivyo, vifo vya maambukizi viliongezeka.

Si kila badiliko la jeni hurithiwa. Uzeeni, seli za uboho hupata hitilafu katika jeni kama TET2, zikazaa chembe nyeupe zenye kuchochea mchochota. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta wenye hitilafu za aina hiyo wakikabiliwa na hatari ya karibu maradufu ya ugonjwa wa ateri za moyo.