Joe Louis: bingwa wa dunia aliyepanda ulingo kwa mshahara wa askari

Kwetu huku Mashariki, ukitaja ngumi za uzito wa juu, watu wanakujibu mara moja: Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman. Wazee wanakumbuka pia kwamba Ali alinyang'anywa mkanda wake mwaka 1967 juu alikataa kuingia jeshi la Marekani. Lakini miaka 25 mbele ya hapo, bingwa mwingine mweusi wa inchi ile ile alifanya kinyume kabisa. Aliingia jeshi kwa hiari yake, akapiga ngumi kambi kwa kambi, bila kulipwa kitu zaidi ya mshahara wa askari. Jina lake Joe Louis.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mtoto wa walimaji maskini. Familia ikahamia Detroit, na ni kule alianza kupiga ngumi. Tarehe 22 Juni 1937, mjini Chicago, alimwangusha James Braddock katika raundi ya 8, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mkanda huo alikaa nao karibu miaka 12, akautetea mara 25.

Pambano lililomfanya mtu wa inchi nzima ni la tarehe 22 Juni 1938, New York. Mjerumani Max Schmeling alikuwa amemshinda mwaka 1936, na serikali ya Hitler ilitumia ushindi ule kusema kwamba mzungu ni bora kuliko mweusi. Safari hii Louis alimmaliza katika raundi ya kwanza, dakika 2 na sekunde chache tu. Wazungu wa Marekani wakamshangilia mtu mweusi, watu ambao kesho yake wasingekubali akae nao meza moja katika hoteli.

Kisha vita ikafika. Mwezi wa Desemba 1941 Wajapani walipiga Pearl Harbor. Tarehe 9 Januari 1942 Louis alipigana na Buddy Baer, akamwangusha katika raundi ya kwanza, na feza zake zote za pambano lile akazitoa kwa mfuko wa kusaidia familia za askari wa majini. Hapa msomaji asimame kidogo. Jeshi la majini la Marekani wakati ule lilikuwa linapokea watu weusi kwa kazi za jikoni na kuhudumia meza za maofisa, basi. Weusi wenzake wengine walimuuliza waziwazi: unawapatia feza watu wasiokutaka? Yeye alijibu kwamba kuna mambo mabaya Amerika, lakini Hitler si yeye atakayeyatengeneza.

Kesho yake, tarehe 10 Januari, akajiandikisha jeshi. Mshahara wa askari wa cheo cha chini wakati huo ulikuwa dola 21 kwa mwezi. Mwezi wa Machi akapewa ruhusa ya kupigana na Abe Simon, na feza za pambano hilo nazo akazitoa, mara hii kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Pambano lingine kubwa na Billy Conn, ambaye naye alikuwa askari, lilipangwa kwa mwaka huo huo, lakini waziri wa vita, Henry Stimson, akalizuia aliposikia kwamba sehemu ya mapato ingeenda kulipa madeni ya mabingwa hao kwa mwandaaji. Maana yake: kupigania wengine ruhusa iko, kupigania deni lako hakuna.

Jeshi halikumtuma mstari wa mbele. Lilimpa kazi ya kupiga mapambano ya maonyesho.

Tueleze kidogo, juu wengi wanachanganya. Pambano la maonyesho si pambano la mkanda. Raundi ni chache, glavu ni nzito zaidi ili zisiumize sana, na hakuna anayetangazwa mshindi. Haliingii katika hesabu ya ushindi na kushindwa. Mara nyingi Louis alisimama na wenzake wa kikundi, kama George Nicholson aliyekuwa mpiga ngumi wa mazoezi, lakini katika kambi zingine alipanda naye askari mzito wa pale pale, yule ambaye wenzake walimjua kwa ngumi. Fikiria kijana huyo. Jana alikuwa anachimba handaki, leo anavalishwa glavu mbele ya kambi nzima kumkabili mtu aliyemmaliza Schmeling. Kazi ya Louis ilikuwa kumwacha asimame, aonyeshe alichonacho, watu wacheke na kupiga makofi, na askari ashuke ulingoni akiwa na hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Kumwangusha kijana wa watu kulikuwa rahisi kwake. Kujizuia bila kuonekana unamdharau, hiyo ndiyo ufundi.

Kwa jumla alipiga mapambano 96 ya namna hiyo, mbele ya askari karibu milioni 2. Kikundi chake kilianza safari mwezi wa Agosti 1943 katika kambi za Marekani, Sugar Ray Robinson akiwa ndani, na mwaka 1944 Louis akavuka bahari kwenda Uingereza, Afrika ya Kaskazini na Italia.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu zote hizo. Jeshi la Marekani lilikuwa limegawanyika kwa rangi: vikosi vya weusi mbali, vya wazungu mbali, hata viti vya kuangalia michezo mbali. (Tusiwacheke peke yao. Katika Force Publique yetu, iliyoenda kupigana Abyssinia mwaka 1941, maofisa walikuwa wazungu tu hadi 1960.) Louis akaweka sharti: hapandi ulingoni kama weusi wametengwa na wazungu katika kuangalia. Hakuwa ofisa, lakini makoloneli walikuwa wanamhitaji, na yeye alilijua hilo. Mahali alipopiga ngumi, watu walikaa pamoja.

Katika kambi ya Fort Riley, Kansas, aliwakuta vijana weusi wenye masomo waliokuwa wamefungiwa mlango wa shule ya maofisa. Mmoja wao alikuwa Jackie Robinson, ambaye baadaye, mwaka 1947, alivunja ukuta wa rangi katika mchezo wa besiboli. Louis alimpigia simu Truman Gibson, mshauri mweusi katika wizara ya vita, jambo likafuatiliwa, na Robinson akapata nafasi yake, akatoka na cheo cha luteni. Jina kubwa halikumkinga yeye mwenyewe kila mahali, hata hivyo. Mwaka 1944, katika kambi ya Camp Sibert, Alabama, polisi wa jeshi alimwambia aende kwenye benchi la weusi akisubiri basi. Alikataa. Sugar Ray Robinson akamrukia polisi yule, wote wawili wakakamatwa, kisha wakubwa wakaona heri waachiliwe haraka.

Alitoka jeshi tarehe 1 Oktoba 1945, akiwa sajenti, na nishani ya Legion of Merit kifuani. Miaka 3 kisha, tarehe 26 Julai 1948, rais Truman alitia sahihi amri ya kumaliza ubaguzi wa rangi katika jeshi. Kusema ni Louis aliyeileta itakuwa kuzidisha; kulikuwa na watu wengi waliopigania jambo hilo kwa miaka. Lakini askari waliokaa benchi moja mbele ya ulingo wake walikuwa wameshaona kwamba inawezekana.

Nyumbani kulikuwa kunamngojea mtoza kodi. Zile feza alizotoa kwa mifuko ya jeshi, serikali ilizihesabu kama mapato yake na kuzidai kodi. Tuseme ukweli wote: Louis alikuwa pia mtu wa kutoa ovyo, alikopa wakati wa vita kwa mwandaaji wake, na waliomshikia hesabu hawakumshikia vizuri. Mwaka 1950 deni la kodi lilikuwa limepita dola 500.000. Ndiyo sababu alirudi ulingoni akiwa amekwisha kustaafu, akashindwa na Ezzard Charles mwaka 1950, na tarehe 26 Oktoba 1951 Rocky Marciano akamtupa nje ya kamba. Kisha akacheza mieleka ya kulipwa, na mwishoni akafanya kazi ya kupokea wageni katika kasino moja ya Las Vegas. Ali alipokataa jeshi, Louis alimlaumu hadharani.

Alikufa tarehe 12 Aprili 1981. Kwa sheria hakuwa na haki ya kuzikwa Arlington, makaburi ya askari karibu na Washington, lakini rais Reagan aliondoa kizuizi hicho, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Mmoja wa waliosaidia kulipa gharama za mazishi alikuwa Max Schmeling, ambaye katika vita ile alikuwa mwanaparashuti wa jeshi la Ujerumani.