Kiwanda cha Lamu hakina mashine

Hebu muulize mwanafunzi yeyote jijini Nairobi kiwanda ni nini. Atakutajia sukari, saruji na moshi. Mwamu naye atakuonyesha ua ulio ndani ya nyumba, usio na paa, unaoingiza mwanga na upepo. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili, nimelitumia sana neno hili kuonyesha kwamba msamiati huhifadhi elimu ya ujenzi.

Tuchukue nyumba ya mawe ya karne ya 18. Unapita dakani, penye mabaraza ya wageni, unaingia tekani, kisha kiwandani. Kutoka hapo vyumba vinafuatana: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kadiri unavyosonga mbele, mwanga unapungua na faragha inazidi.

Na nani aliyeamua upana wa vyumba hivyo? Si tajiri wala fundi, bali boriti! Nguzo hizo za mkoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka nafasi inayozidi takriban mita 3. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba. Kuta nene za matumbawe na chokaa zilichelewesha joto la mchana, nazo nyumba zilizosongamana zilivitia vichochoro kivuli. Usam Ghaidan aliuchambua mpangilio wa mji huu katika kitabu chake cha 1975, na mwaka 2001 UNESCO ikauorodhesha Mji Mkongwe wa Lamu kuwa urithi wa dunia.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Nyumba hizo zilikuwa za waungwana, na jasho la watumwa limo. Kuchoma chokaa kulikula kuni nyingi. Mikoko nayo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982.

Kwa hivyo sisemi turudie mawe na mikoko. La! Tunachopaswa kurithi ni mantiki: pima chumba kwa kile ulicho nacho, upe upepo njia, kivuli kiwe sehemu ya ramani. Siku hizi tunaezeka mabati pwani, kisha tunakimbilia kununua feni.

Tukiyaacha maneno kama daka, msana na kiwanda yafe, mchoraji ramani wa kesho ataitafuta elimu hii upya, pengine kwa lugha ya kigeni, tena kwa bei ghali.