Reli, Ndege na Kichwa cha Mpagazi



Mwanafunzi wa historia akiulizwa katika mtihani ataje mambo yaliyoijenga dunia ya leo, hujibu upesi: vita, viongozi na mitambo mipya. Jibu hilo ni sahihi, na mwalimu atampa alama zake. Hata hivyo lina upungufu. Halisemi ni nani aliyeibeba mitambo hiyo, wala ni nani aliyelipa gharama ya amri za viongozi hao. Katika makala haya nitaeleza habari za Vita Kuu vya Kwanza katika Afrika Mashariki, tangu 1914 hadi 1918, ili tupime jambo moja: je, mashine mpya ilimpunguzia mtu mzigo, au ilimwongezea?

MITAMBO ILIYOINGIA VITANI

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, nchi zetu zilikuwa zimekwisha kuguswa na ufundi mpya. Reli ya Waingereza ilikuwa imetoka Mombasa na kufika Kisumu tangu 1901. Upande wa Wajerumani, reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi, na Reli ya Kati, yenye urefu wa kilometa 1,250 hivi, ilifika Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Dar es Salaam kulikuwa na kituo cha simu ya upepo, nacho ndicho kilichokuwa shabaha ya kwanza. Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza, Astraea, ilikipiga mizinga kutoka baharini.

Nguvu ya reli ilidhihirika Tanga mwezi wa Novemba 1914. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Mkuu wa majeshi ya Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwateremsha watu wake kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi, akapigana akiwa na watu kama 1,000 tu, na akashinda. Wazee wengi husimulia habari za nyuki waliowashambulia askari siku hiyo. Nyuki walikuwapo kweli, lakini reli ilifanya kazi kubwa kuliko nyuki.

Ndege nazo zilifika mapema. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza walituma ndege kuitafuta, na mwezi wa Julai 1915 marubani wakiwa angani waliwaelekeza wapiga mizinga mpaka meli hiyo ikaangamia. Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu ndege ya kwanza kuruka duniani.

PALE MASHINE ILIPOKOMA

Tukiishia hapo, tutadhani kwamba vita hivi vilikuwa vya chuma na moto tu. La hasha. Kila mtambo niliotaja ulikuwa na mwisho wake, na pale ulipokoma palikuwa pameinama mtu.

Königsberg ilipokwisha kuharibiwa, Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaitengenezea magurudumu na kuipeleka bara. Mizinga hiyo ya kupigania baharini ilikokotwa kwa kamba na makundi ya watu, milimani na matopeni.

Au tuchukue vita vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Afrika ya Kusini kwa meli, kisha kwa reli mpaka Kongo. Reli ilipokwisha, boti zilivutwa kwa matrekta ya mvuke kupitia milima ya Mitumba. Matrekta ya mvuke hayaendi bila maji, na maji yalikuwa haba. Basi wanawake wa vijiji vya njiani walichota maji na kuyabeba vichwani ili kuinywesha mashine. Boti hizo ziliiteka meli moja ya Wajerumani na kuizamisha nyingine. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina ambalo kila msafiri wa Kigoma analijua.

Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini alipopewa uongozi wa majeshi ya Waingereza mwezi wa Februari 1916, aliingia na farasi wengi na motokaa. Aliziteka Moshi, Tanga na Dar es Salaam mwaka huo huo, na Wabelgiji waliingia Tabora mwezi wa Septemba. Lakini mbung'o waliua farasi, nyumbu na punda kwa makumi ya maelfu, na mvua za masika zilizigandisha motokaa matopeni. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli, ndivyo lilivyohitaji vichwa vya watu.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 25 atakuwa ameula mzigo wote mwenyewe. Na kama atapewa chakula cha kurudia, mwendo wake haufiki hata siku 13. Kwa hiyo kumlisha askari mmoja aliye mbali kulihitaji wapagazi wengi, na wapagazi hao walihitaji wapagazi wengine wa kuwalisha. Bunduki za mtombo, mizinga, risasi, nyaya za simu na petroli, vyote viliongeza mizigo. Basi jibu la swali letu ni hili: katika vita hivi mashine haikumshushia mtu mzigo. Ilimwongezea.

VIONGOZI NA GHARAMA YA AMRI

Gavana Schnee wa Wajerumani hakutaka vita vipiganwe katika koloni. Lettow-Vorbeck alikataa; shabaha yake ilikuwa kuwavuta askari wengi wa adui huku, wasiende kupigana Ulaya. Kwa ufundi wa vita alifaulu, na vitabu vingi vimemsifu. Lakini majeshi yote, ya Wajerumani na ya maadui zao, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Ugogo iliingiwa na njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, wakati vita vikielekea mwisho na baada yake.

Upande wa Waingereza, wapagazi walikusanywa kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Waliohudumia majeshi yao kwa jumla wanakaribia milioni moja. Vifo vilivyoandikwa rasmi vinazidi 40,000, na wataalamu wengi wanaona kwamba idadi ya kweli ni karibu 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi usioiva vizuri, ambao wengine hawakuuzoea.

Alikuwapo kiongozi mmoja aliyeuliza mapema kwa nini Mwafrika afe katika ugomvi usio wake. Huyo ni mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Aliandika barua gazetini mwezi wa Novemba 1914, akaongoza maasi Januari 1915, na akauawa Februari. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Chilembwe alikuwa katika nyasi, naye alisema.

MWISHO WA VITA NA KILICHOBAKI

Mwezi wa Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto kubwa la mota, L59, kutoka Bulgaria, likiwa na tani 15 hivi za dawa, risasi na vifaa kwa Lettow-Vorbeck. Lilifika juu ya Sudan, likaitwa kwa simu ya upepo lirudi. Lilikuwa limekaa angani saa 95 bila kutua, mwendo wa zaidi ya kilometa 6,700. Ajabu kubwa ya ufundi, lakini halikumfikishia mtu hata kidonge kimoja.

Vita vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba. Koloni lake likagawanywa: Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji.

Nayo serikali iliyojifunza kuwaandika na kuwahesabu wapagazi haikuusahau ujuzi huo. Baada ya vita, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole, kikaning'inizwa shingoni. Harry Thuku alipokipinga kipande pamoja na kodi, alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu zaidi ya 20 walipigwa risasi Nairobi walipodai aachiwe. Hapo ndipo siasa za kisasa za Kenya zilipopata mizizi yake.

Mjini Dar es Salaam sanamu ya askari imesimama tangu 1927 na bunduki yake. Mpagazi hakuwekewa yake hapo. Lakini jina lake limebaki mahali ambapo watu hupita kila siku: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Vijana, mkisoma kwamba vita fulani vilishindwa kwa mtambo fulani na jenerali fulani, ulizeni pia mtambo ulifikaje pale. Nasi tuliotangulia tuna deni. Katika koo nyingi yuko babu aliyekwenda "Kariakoo" asirudi. Jina lake liandikwe, pamoja na kijiji alikotoka, kabla wa mwisho anayelijua hajaondoka.