Hesabu ya Siku za Mvua

Ukimwuliza mzee wa Msambweni kama masika ya zamani yalizidi haya ya sasa, huenda akakujibu upesi kwamba yalizidi. Labda asema kweli. Lakini ukimwuliza yalizidi kwa siku ngapi, hana la kukujibu. Hayo ndiyo yatupasayo kuyatafuta.

Watu wa pwani walikuwa na hesabu mbili za mwaka. Ya kwanza ni ya mwezi, ituongozayo katika funga na Idi. Mwaka wake hupungukiwa na ule wa jua kwa siku 11 hivi, basi Ramadhani iliyoangukia masika ulipokuwa mtoto yaweza kuangukia kaskazi utakapokuwa mtu mzima. Mkulima hawezi kupanda kwa hesabu hiyo. Ya pili ni ya jua, ianzayo siku ya Nairuzi, neno lililotoka Uajemi. Iligawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikaongezwa siku 5, jumla 365. Kwayo nahodha alijua wakati wa kutweka tanga, na mkulima wakati wa kutia mbegu ardhini.

Lakini mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo, na robo ile haikuhesabiwa. Katika miaka 100 mvua na hesabu zilipishana kwa siku zipatazo 24. Tena miongo ilihesabu siku tu, haikupima mvua.

Mwaka 1929 Waingereza walianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Kipimamvua kilisomwa kila asubuhi, na kilichoonekana kikaandikwa. Kazi hiyo si ngumu: milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji juu ya kila mita ya mraba.

Kwa maandishi ya namna hiyo twaweza kulinganisha mafuriko ya 1961 na yale ya 1997, wala hatubishani kwa kukisia. Lakini jumla ya mwaka peke yake hudanganya. Mvua ile ile yaweza kunyesha kwa siku 60, mahindi yakastawi. Au kwa siku 10, yakanyauka katikati. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na wafugaji wa Kinango wakapoteza mifugo. Kwa hiyo siku kavu nayo ni habari.

Basi, msomaji, uwe Diani au Vanga, chukua daftari. Siku isiyo na mvua andika sifuri, wala usiache nafasi tupu. Maana sifuri yasema hapakunyesha, bali nafasi tupu yasema hukutazama. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ushahidi wake ni maandishi, na watakaokuja baada yako watakushukuru kwa hayo.